Mstari wa Rangi ya Kucha

Mfamasia wa mtaa wa pili alikuwa aje saa kumi kuiona baiskeli, na Bi Spana hakuwa mtu wa kumuuzia jirani kitu ambacho hajakikagua mwenyewe. Aliiegemeza kwenye ukuta wa uani, akakunja mikono ya blauzi, akaanza kazi. Jina la Bi Spana alipewa kiwandani, anakotengeneza mashine za kujaza chupa. Ana diploma ya ufundi mitambo, na mtu akibishana naye haichukui muda kabla hajaitaja.

Baiskeli ilikuwa ya milimani, ya mtumba, yenye shokapu nyuma. Alimnunulia bintiye, Kiroboto, alipochaguliwa timu ya vijana ya mbio za baiskeli. Wiki iliyopita Kiroboto alianguka kwenye kona ya mteremko akavunjika mkono. Bi Spana hakumung'unya maneno. Alimwambia kocha pale pale, timu nzima ikisikia: "Huyu mtoto ana pupa. Mtoe kabla hajavunja shingo." Kocha akamtoa, na baiskeli ikapatiwa mteja.

Kabla ya hapo Kiroboto alikuwa amelalamika sana. "Mama, nyuma inacheza." Kila mara mama yake aliinama, akatazama, akainuka. Kiwandani ana mazoea: akishakaza bolti, anachora mstari mwembamba wa rangi ya kucha kuanzia kwenye bolti hadi kwenye chuma cha pembeni. Bolti ikilegea, mstari unakatika, na mtu anaona bila kushika spana. Baiskeli aliifanyia hivyo hivyo, kwa rangi nyekundu ya bintiye.

"Mstari umenyooka," alikuwa akijibu. "Hapo kinachocheza ni wewe."

Sasa alishika siti kwa mkono mmoja, akainyanyua kidogo tu.

Ko.

Gurudumu lilikuwa bado liko chini. Akanyanyua tena. Ko. Akaikalia baiskeli kwa uzito wake wote: shokapu ilizama, ikarudi taratibu, kavu, haikuvuja mafuta wala upepo. Si shokapu. Akaweka kidole kwenye kila kiungo huku akinyanyua siti. Juu, kimya. Katikati, kimya. Akakamata gurudumu la nyuma, akalisukuma kushoto na kulia, na mkono wote wa chuma unaolibeba ukayumba kama jino bovu. Aliposogeza kidole kwenye kiungo cha chini, karibu na pedali, chuma kilimgonga kidoleni.

Mstari mwekundu wa hapo ulikuwa umenyooka vizuri kabisa.

Bi Spana alizunguka upande wa pili, akapiga magoti, akachungulia nyuma ya gia kubwa. Kulikuwa na bolti. Aliizungusha kwa vidole tu, ikazunguka.

Aliendelea kupiga magoti pale. Kule alikochora palikuwa ncha tu ya ekseli, ule mhimili unaopita ndani ya kiungo, iliyokaa kwenye mkato wa fremu. Ncha ile haizunguki. Bolti ingeweza kudondoka barabarani na mstari ungebaki umenyooka. Kwenye mashine zake za chupa, kila bolti hukazwa upande unaomtazama fundi. Hapa naye alishika upande uliomtazama, akauona mgumu, akachora, akafunga kichupa. Hakuitoa gia aangalie.

Spana ilikuwa mkononi. Kuzungusha mara chache, basi. Mfamasia angepata baiskeli nzima na hakuna ambaye angejua. Aliichomeka, akazungusha nusu.

"Mama!" Kiroboto aliita kutoka dirisha la jikoni. "Akiuliza kwa nini tunauza, mwambie mimi ndiyo sijui kuendesha. Asije akadhani ni mbovu ukakosa mteja."

Mkono wa Bi Spana ukasimama. Kisha akairudisha bolti ilivyokuwa, imelegea.

"Njoo hapa."

"Nina mkono mmoja."

"Unatosha. Shika siti, nyanyua."

Ko. Kiroboto akanyanyua tena. Ko.

"Ndiyo hii," alisema polepole. "Ndiyo hii niliyokuwa nakwambia."

"Ndiyo. Nilichora upande usiozunguka. Bolti iko huku, na sikuikaza tangu siku ya kwanza. Hukuwa na pupa, mwanangu. Kosa ni langu."

Kiroboto aliutazama mstari, akamtazama mama yake. "Diploma," alisema.

"Sema tu."

"Mimi nilishaanza kudhani masikio yangu ndiyo mabovu. Siku ile niliisikia kabla ya kona, nikajiambia, mama kasema hakuna kitu." Akaiachia siti. "Halafu ukanisema mbele ya wote."

"Nisamehe."

Bi Spana akatoa simu, akampigia kocha.

"Weka spika," alisema Kiroboto.

"Ehee, Mama Kiroboto! Mgonjwa wetu hajambo?"

"Kocha, hakuanguka kwa uzembe. Bolti ya nyuma ilikuwa imelegea. Alinieleza nikamkatalia, na fundi aliyeifunga ni mimi."

"Haya. Nitawaambia wenzake Jumamosi."

"Usiwaambie. Nitakuja mwenyewe. Yale ya kwanza niliyasema kwa mdomo wangu wakisikia, na haya watayasikia kwangu."

Mlango wa uani ukagongwa. Ni mfamasia.

"Samahani, jirani, haiuzwi!" Bi Spana alipaza sauti bila kuinuka.

Kiroboto alikuwa ameingia ndani. Alirudi na pamba, na kichupa cha dawa ya kutolea rangi akikibana kwapani. Akachuchumaa mbele ya ule mstari. Bi Spana akanyoosha mkono kuichukua pamba.

"Wewe nishikie kichupa," alisema Kiroboto. "Kingine usiguse."

Bi Spana akakishika.