Sitaki, Chapa ya Kwanza

Siku chapa ya pili ya santuri ya Radi za Pwani ilipofika Bagamoyo kwa basi la asubuhi, Mwanamkasi alikuwa ukumbini akipepeta mchele. Alifungua kinywa amwombe mama yake sufuria, maneno yasitoke. Mama alimtazama, akampa sufuria, akasema ni hiyo santuri tu. Chapa ya kwanza ilimchukulia sauti ya kuimba, hii imechukua ya kusemea. Wakaendelea na mchele.

Chanzo kilijulikana nyumbani. Mrisho, kaka yake, alikuwa mpiga ngoma wa Radi za Pwani, vijana wa Bagamoyo waliojitia kwenye muziki wa roki. Walipokwenda Nairobi kurekodi alimchukua dada yake awapikie. Siku ya studio, Haji mwimbaji, kijana mzuri wa sura na mwingi wa maringo, koo lilimkauka kama kifuu cha nazi. Mwanamkasi akaombwa aimbe yeye, nyuma ya pazia, kwa ajili ya heshima. Akaimba nyimbo zote kwa sauti nene iliyotulia, ambayo asiyemjua angedhani ya mwanamume. Kwenye jalada ikawekwa picha ya Haji, na chini yake pakaandikwa: sauti, Haji. Mzee Mwinyimvua, baba yao, alisema ni vizuri hivyo, binti wa nyumba yake hawezi kutajwa vilabuni. Heshima ya nyumba hulindwa na wote, lakini wa kufunga mdomo huwa mmoja, naye hachaguliwi kwa kura. Mwanamkasi alirudi kwenye sufuria zake.

Santuri ilivuma Tanga mpaka Dar es Salaam, hasa wimbo wa tatu, "Sitaki," ambao kiitikio chake ni neno hilo hilo likirudiwa. Katika chapa ya pili kiitikio kilikatwa, maana Haji alidai kinatia nuksi harusini. Likatolewa tangazo chapa za kwanza zirudishwe, za madukani na za majumbani, zikapelekwa kiwandani kuyeyushwa. Chapa ya tatu, ya kupelekwa Ulaya, ikammalizia Mwanamkasi yaliyobaki: kikohozi, mlio wa bangili, kishindo cha mchi. Walioipata walisema nyuma ya magitaa anasikika mtu anatwanga. Mwanamkasi naye alitwanga kimya, hata jirani akaleta bakuli la wali akidhani kule wamelala njaa. Akasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mama akamjibu mshindo gani, na mchi wenyewe haulii.

Kisha Haji akaleta posa. Alikuwa na hesabu yake: mwenye sauti akiwa ndani kwako, hakuna atakayekuja kukuuliza umeitoa wapi, na ikimrudia, ipo tayari kwa santuri nyingine. Mwanamkasi hakumtaka hata kwa dawa. Alitikisa kichwa mbele ya baba yake. Mzee Mwinyimvua akasema hiyo ni haya ya mwanamwali. Akaandika kwenye karatasi kwamba hataki. Mzee akaisoma, akaikunja vizuri, akasema posa haijibiwi kwa karatasi, hujibiwa kwa ulimi, na mwanamwali asipojibu, kimya chake ni ridhaa. Harusi ikapangwa Ijumaa.

Aliyemsuka nywele za harusi alikuwa Chausiku, shoga yake wa kijiji cha Zinga, mwanamke ambaye hajapata kutii tangazo lolote. Chapa ya kwanza ilikuwa bado ukutani kwake, imetundikwa kama pambo. Mwanamkasi akainyooshea kidole, kisha akajigusa koo. Chausiku alimaliza msuko aliokuwa nao mkononi, akaitungua.

Ijumaa baada ya sala, Chausiku alikuwa chumba cha ndani na bibi harusi, gramafoni ya betri imefunikwa kanga. Shehe akaja na Mzee Mwinyimvua na mashahidi wawili, wakasimama nje ya pazia la mlango. Shahidi mmoja alikuwa Mrisho.

"Mwanamkasi binti Mwinyimvua," shehe akauliza, "unaridhia kuozwa Haji bin Salumu?"

Chausiku akaifunua gramafoni, akashusha sindano upesi, ikaangukia kwenye magitaa. Nje wakangoja. Shehe akauliza tena. Chausiku akaiinua sindano, akaishusha taratibu.

"Sitaki," ikasema sauti nyuma ya pazia, nene, imetulia. "Sitaki, sitaki."

 Mwanamkasi alifurahi, akamkumbatia Chausiku kwa mkono mmoja, asije akaitikisa sindano.

Shehe, aliyekwisha kuyasikia magitaa, aliomba jalada la santuri. Likapitishwa chini ya pazia, naye akavaa miwani, akalisoma bila haraka.

"Hapa pameandikwa sauti ni ya Haji," akasema. "Sisi tunamuuliza bibi harusi. Bwana harusi tutamuuliza baadaye."

"Ni ya huyu, shehe wangu," Chausiku akasema. "Muulize kaka yake. Alikuwapo."

Shehe akamgeukia Mrisho. Mrisho alikuwa na sauti yake nzima, hakuna chapa iliyompunguzia hata kidogo. Alimtazama baba yake, kisha akatazama mkeka. Ndani wimbo uliisha, sindano ikabaki inakwaruza, na Mwanamkasi akapiga ukuta kwa ngumi zote mbili, ukuta usitoe mlio.

"Basi," shehe akasema. "Kimya cha mwanamwali ndiyo idhini yake."

Wakarudi barazani. Mzee Mwinyimvua akamshika Haji mkono, akatamka maneno ya kumwoza binti yake. Haji akajibu, "Nimekubali," kwa sauti nyembamba ya puani, yenye mikwaruzo, na baraza zima likamsikia. Wakaitikia amina, halua ikaanza kupitishwa.