Manyoya Chini ya Mkate

Tangu arudi kutoka Cairo, Inshirah hakutulia. Chai anaiacha ipoe, akilala anaamka kuchungulia uani, akitoka anarudia mlangoni kana kwamba amesahau kitu. Mama yake, Umm Hamdan, alimvumilia siku mbili. Siku ya tatu akasema, "Wewe umeingiwa na mchwa au umepata mchumba? Kama ni mchumba, mlete ale. Kama ni mchwa, toka nje, usije ukanimalizia milango."

Inshirah akacheka kidogo, akabeba mlingoti wake wa kupimia, akatoka.

Kazi yake ilikuwa ramani. Kila nyumba ya Naja Sidra, mtaa uliokaa juu ya mlima wa makaburi ya kale ng'ambo ya Luxor, ilipaswa kuingia kwenye kompyuta. Unasimamisha mlingoti, unautuliza, setilaiti zinausoma, nukta inaingia. Nukta ya kijani, nyumba iko juu ya mwamba mtupu, inabaki. Nukta nyekundu, chini yake mna kaburi, na wenyewe wanahamishiwa nyumba za saruji kule bondeni, zisizo na ua wala pa kujengea tanuri. Ramani ilitakiwa Alhamisi. Ilibaki nyumba moja tu, ya mama yake, na mtaa mzima ulijua itakuwa ya kijani. Hata yeye alijua hivyo, mpaka alipokwenda Cairo.

Alipelekwa huko kujifunza programu mpya. Siku ya mapumziko akaingia makumbusho, na katika chumba cha pembeni, ambacho hata walinzi hukipita haraka, akakuta jiwe lililochongwa nusu ya bata bukini: mkia, miguu na kipande cha ubawa. Kibao kilisema, asili haijulikani. Inshirah akainama. Manyoya matatu ya ubawa yalipitiwa na mkwaruzo wa mshazari, ulioishia pale jiwe lilipokatwa. Mkwaruzo ule alikuwa ameula tangu alipoota meno.

Maana Umm Hamdan, kama wanawake wote wa kule, huumua mkate juani. Madonge hukaa juu ya visahani vya udongo, na visahani juu ya kiti cha jiwe kando ya tanuri. Donge la mwisho, la watoto, halina kisahani. Hilo huwekwa juu ya jiwe lenyewe, mahali padogo ambapo udongo uliokandikwa ulibanduka zamani, na mkate wake hutoka na mistari chini. Inshirah na kaka yake Hamdan walikuwa wakipigania upande wenye mkwaruzo. Mtoto gani huuliza mistari ya mkate imetoka wapi?

Na kiti kile hakikuletwa na mtu. Ni mwamba wa mlima, umechomoza uani. Nusu ya pili ya yule bata ikiwa imechongwa pale, kama wanavyochongwa milangoni mwa makaburi, basi na mlango wa kaburi uko pale.

Mchana akamwendea msimamizi wao, mzee Qinawi, mtu wa Quft, ambako kuchimba makaburi ni urithi kama wengine wanavyorithi mashamba.

"Ami, mtu akikosea nukta moja, kuna atakayejua?"

Mzee akamtazama juu ya glasi ya chai. "Kwa Umm Bakhit ulimaliza kabla chai yangu haijapoa. Leo ndiyo umekumbuka kuuliza?"

Neno hilo lilimchoma kwa sababu lilikuwa kweli. Umm Bakhit, jirani aliyepata nukta nyekundu, alikuwa amelia huku ameshika hatamu ya punda wake, na Inshirah akamwambia, "Shangazi, mashine haipendelei mtu." Alilisema kwa raha ya mtu ambaye kwake kuko salama. Sasa alijionea aibu.

Alirudi nyumbani akamkuta mama yake anapanga madonge.

"Mama, jiwe hili lilikatwa na babu?"

Mikono ya Umm Hamdan haikuacha kazi. "Aliuza nusu, mwaka wa shida. Nusu iliyobaki akaikandika udongo."

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua. Na wewe ulikula."

"Naweza kuweka kijani. Hakuna atakayekuja kubandua."

Umm Hamdan akaliweka donge la watoto juu ya jiwe. "Umm Bakhit alipohama nilimpelekea mikate saba. Akaniambia, usimlaumu binti yako, mashine haipendelei mtu. Mwanangu, nilitaka ardhi inimeze. Nikikutana naye sokoni kesho nimwambie nini? Kwamba mashine ina mama?"

Inshirah akausimamisha mlingoti juu ya jiwe. Mashine ikakataa. Akarudia, ikakataa. Mara ya tatu machozi yalikuwa yanamzuia kuona kioo.

"Inataka nini hiyo?"

"Inataka utulivu, mama. Nusu dakika tu. Mkono wangu unatetemeka."

Umm Hamdan akalisogeza donge la watoto pembeni, akaushika mlingoti kwa mikono yake miwili yenye unga. "Wewe angalia mashine. Nitashika mimi."

Mlingoti ukatulia. Inshirah akahesabu hadi thelathini, na nukta nyekundu ikaingia.

"Tayari?"

"Tayari, mama."

"Basi nipishe, donge linakauka," akasema, akalirudisha juu ya manyoya.