Pua ya Baba Mdogo, Macho ya Shangazi

Baba yangu sijawahi kumuona, hata pichani. Askari walimchukua nikiwa tumboni mwa Mama, hakurudi tena, nyumba ikaungua na kila kilichokuwamo, nami nikazaliwa na sura ya upande wa mama, eti. "Bokrye? Huyu hana hata kipande cha kaka," Shangazi Maksun hunisema mbele ya wageni, huku akimenya vitunguu saumu. Nachukia, jamani! Lakini nilikuwa nameza tu, kwetu mtoto wa kike hawafokei wakubwa.

Kila mwaka, siku ya kumwandalia marehemu chakula, tuliweka mezani karatasi yenye jina lake. Mwaka ule Mama akaikataa karatasi. Alisema uso wa mumewe unamtoroka. Akiamka anautafuta, haupo. Alitaka picha kabla haujapotea kabisa. Akamwita Bwana Noh, mchoraji wa mkaa anayezichorea familia zilizopoteza picha zao vitani. Yeye hukusanya ndugu wa damu, akachukua pua hapa, kidevu pale, akaunganisha.

Usingizi ukanipaa. Nilikuwa namngoja baba.

Siku ya kuchora, Baba Mdogo Taesik aliketi mbele kabisa, kifua nje.

"Pua ni hii," akamwambia mchoraji. "Na uangalie sana! Unywele mmoja ukikosea, huyo si kaka tena, ni mtu mwingine. Tutakuwa tunamlisha mgeni kila mwaka, na kaka yuko nje na njaa yake."

Nikaona mikono ya Mama inakaza sketi. Hilo ndilo alilokuwa akiliogopa.

"Macho chukua yangu," Shangazi akadakia.

"Yako yamevimba, dada. Achukue ya mwanangu."

"Mwanao ana macho ya chura!"

"Na mimi je?" nikauliza.

Wakacheka mpaka Bwana Noh akaweka mkaa chini. "Wewe kalete chai, mwanangu," Baba Mdogo akasema. "Usije ukatuharibia kaka."

Nikaenda kuleta chai. Nikameza.

Picha ilipokamilika tukakusanyika tena. Mama akaipeleka dirishani, akaitazama kwa muda mrefu.

"Pua?" Baba Mdogo akauliza.

"Ndiyo yake."

"Macho?"

"Ndiyo yake."

"Haya, sasa unalia nini?"

"Simjui mtu huyu," Mama akasema.

"Shemeji! Kila kitu kiko sawa, halafu humjui?"

"Kila kitu kiko sawa. Yeye ndiye hayupo."

"Aka! Yanayofanana ni mengi kuliko yasiyofanana. Basi ni yeye. Tusipotezeane wakati, itundike."

Mama akainamisha kichwa. Nikajua ataitundika, na kila mwaka atampakulia wali mtu asiyemjua, mpaka afe. Sijui nini kilinipata. Sinia la chai nililipiga mezani, vikombe vikaruka.

"Ng'ombe ana miguu minne na meza ina minne. Haya, chinjeni meza tunywe supu! Mnajumlisha pua na macho, nani kawaambia mtu hujumlishwa? Mmemgawana kama nyama ya harusi, halafu mnamwambia mjane wake anyamaze!"

Kidevu changu kilikuwa juu na mikono inatetemeka, nangoja kofi la Baba Mdogo. Mama alikuwa ananikodolea macho, mdomo wazi.

"Bwana Noh," akasema, "mchore huyu."

"Huyu?" Shangazi akaruka. "Wifi, una wazimu? Hana pua, hana macho, hana kidevu cha kaka!"

"Hana," Mama akakubali. "Lakini askari walipokuja kumchukua, aliwafokea hivi hivi, na mikono yake ikitetemeka hivi hivi. Bokrye, usikae. Kasirika tena."

"Mama, mbona hukuniambia miaka yote hii?"

"Miaka yote hii ulikuwa unanyamaza."

Siku ya marehemu ilipofika, wanaume wa ukoo walijipanga mbele ya meza, wakaipigia magoti sura yangu iliyovishwa kofia ya kiume. Baba Mdogo aligusisha paji la uso sakafuni, akanung'unika, "Tunamlisha mgeni." Mama alichomeka kijiko katika bakuli la wali, akasogea karibu na picha.

"Kula, Baba Bokrye," akasema. Jina hilo baba hakuwahi kulisikia akiwa hai.

Mimi nilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni, namtazama baba yangu kwa mara ya kwanza. Alikuwa na hasira. Nilitaka nimuulize, ni wewe kweli, au Mama amechoka kukutafuta akaridhika na mimi? Mama akaniita nilete samaki, nikaenda kumpa.