Wapishi Wote Waliitwa Sahani

Kabla hatujavuka lango nilikuwa nimeshakasirika. Kibao cha pale nje kilisema kwamba shamba hili la kahawa lilianzishwa na mtu mmoja aliyefyeka msitu na kujenga nyumba hii kubwa "kwa mikono yake miwili". Mimi mikono miwili naijua. Yangu inashindwa kufyeka uwanja wa nyuma ya nyumba yangu, na uwanja wenyewe unatosha kuanikia nguo tu. Nilimsomea Baba kibao kile kwa sauti, neno kwa neno, ili na wengine wasikie.

"Punguza makelele," Baba alisema huku akicheka. "Hatukuja kugombana na kibao."

Kweli, hatukuja kwa hilo. Baba yangu ni dereva wa malori mstaafu, na ana presha ya macho. Jicho la kulia limeshakufa. La kushoto linafuata, daktari alituambia bila kuzungukazunguka, na likienda halirudi. Sasa, jirani yetu mmoja aliwahi kutembezwa kwenye nyumba hii pamoja na wanakwaya wenzake, akarudi na habari kwamba jikoni kuna picha za mpishi wa zamani. Babu yangu alikuwa mpishi hapa. Alifariki Baba akiwa hajaanza hata shule, na nyumbani hapakuwahi kuwa na picha yake. Bibi akiulizwa sura ya mumewe ilikuwaje, alikuwa anajibu, "Ya mtu," na mazungumzo yanaishia hapo. Kwa hiyo Baba alikuwa na ombi moja tu kwa jicho lililobaki: limwonyeshe baba yake kabla halijazima.

Mwongozaji wetu alikuwa mwanamume mchangamfu, amevaa kaki iliyopigwa pasi na kofia pana. Tulikuwa kikundi kidogo: mimi na Baba, na mume na mke waliovaa fulana za kufanana ambao walipiga picha kila kitu, mpaka vitasa.

"Wageni wetu, karibuni sana," alisema mwongozaji. "Tuangalie kwa macho, tusiguse."

Akaanza kumwaga maneno. Kwa maelezo yake, barabara ilichimbwa, miche ikapandwa, kahawa ikachumwa, magunia yakabebwa. Nani alichimba, nani alibeba, hakuna. Ungedhani kahawa ilijichuma yenyewe ikajitia guniani. Nilitaka kuuliza, Baba akanifinya mkono.

Sebuleni kulikuwa na picha kubwa ya kuchorwa ya mbwa wa nyumba, wamelala mbele ya moto. Chini ya kila mbwa palipigiliwa kibao cha shaba: jina lake, siku aliyozaliwa, siku aliyokufa. Mwongozaji aliwataja mmoja mmoja, akatueleza nani alikuwa mkali na nani alipenda kubembelezwa. Mke mwenye fulana akasema, "Jamani, maskini," kwa ajili ya mbwa.

Tukaingia chumba cha kulia. Meza ndefu imeandaliwa sahani na glasi kana kwamba wenyewe wametoka kidogo, na viti vimezungushiwa kamba nyekundu usije ukavikalia. Chini ya meza, upande wa mama mwenye nyumba, kulikuwa na kitufe cha kengele sakafuni. Alikuwa anakikanyaga kwa mguu, mpishi anasikia kule nje, anakuja mbio.

"Bado kinafanya kazi," alisema mwongozaji kwa fahari. "Nani anataka kujaribu?"

Yule mume alikanyaga. Kengele ikalia mbali, nyuma ya nyumba. Akakanyaga tena, wakacheka wote wawili. Baba alikuwa amegeuzia sikio lake kule kengele ilikolia, na hakucheka.

"Inatosha," nilisema. "Ameshasikia."

Yule mume akauondoa mguu wake.

Jiko lilikuwa nje, jengo la peke yake, ili moshi na wapishi wakae mbali na watu. Lilikuwa na dirisha moja lenye nondo, na jiko la chuma la kuni lililomeza nusu ya chumba. Kuta walikuwa wamezipaka rangi mpya, lakini masizi ya zamani yalikuwa yanajitokeza chini yake. Na ukutani, kwenye mstari mmoja, picha tatu.

"Huyu ndiye Sahani, mpishi maarufu wa nyumba hii," mwongozaji alisema. "Hapa ni ujanani, hapa mtu mzima, hapa uzeeni. Mama mwenye nyumba ndiye aliyempa hilo jina. Sahani alimhudumia miaka arobaini, na alipendwa kama mmoja wa familia."

Baba alisogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Akitaka kuona vizuri sasa hugeuza kichwa upande kama kuku, kwa sababu jicho ni moja na lazima alielekeze. Alitazama ya kwanza, akaenda ya pili, akaenda ya tatu, akarudi ya kwanza. Nilisubiri aseme kitu.

"Mwanangu," aliniita hatimaye, kwa sauti ya chini. "Ni yupi?"

Nikatazama vizuri, na hapo damu ikaanza kunichemka. Wa kwanza alikuwa maji ya kunde, masikio yamelala kichwani. Wa pili masikio yamesimama kama vishikio vya sufuria. Wa tatu alikuwa mweusi tii, na kidevu kama cha mtu mwingine kabisa, kwa sababu alikuwa mtu mwingine kabisa.

"Hawa ni watu watatu," nilisema.

"Hapana, dada," alijibu mwongozaji kwa upole. "Ni mmoja. Mtu akizeeka hubadilika."

"Masikio yanahama?"

Mke mwenye fulana aliguna, kisha akasogea naye kutazama masikio.

Baba ndiye aliyeeleza, polepole, huku bado anatazama ukuta. "Mama aliniambia. Mpishi wa kwanza jina lake lilimshinda huyo mama mwenye nyumba, au hakutaka kuhangaika nalo, akamwita Sahani. Alipoondoka akaja mwingine. Mwenye nyumba hakutaka kujifunza jina jipya. Ukipewa aproni, unapewa na jina. Baba yangu alikuwa Sahani. Alipofariki, mama bado yuko ndani ya matanga, akasikia kengele inalia huku, na sauti ya mwenye nyumba inaita, 'Sahani!' Na mtu akaitika."

Nilijaribu kumfikiria Bibi yangu, amekaa chini na kitoto chake, akisikia mumewe anaitwa na mumewe anaitika. Nilikuwa simjui Baba kumbe. Miaka yote hii alikuwa na jambo hili kifuani na hajawahi kulitoa.

Mwongozaji alivua kofia. "Mzee, mimi nimefundishwa hivyo nilivyosema," alisema. Halafu, nadhani kwa nia njema kabisa, akaongeza, "Lakini usijali. Chagua tu mmoja. Huyo wa katikati mnafanana."

Moyo ulinilipuka. "Achague? Baba anachaguliwa kama nyanya sokoni, unabonyezabonyeza mpaka upate inayokufaa? Mbwa mnawajua mpaka aliyependa kubembelezwa! Mbwa, kila mmoja na jina lake na kibao chake! Watu watatu mnawapa jina moja la chombo, mnawashonea na uzee usio wao, halafu unamwambia mtu achague!"

"Mama, yatosha," Baba alisema. Akiniita mama ujue ananibembeleza. "Kanisaidia kutazama tu." Akamwangalia yule wa katikati kwa mara nyingine, kwa muda mrefu. "Hapana. Siwezi kumwita mtu baba kwa kubahatisha."

Akashika bega langu, tukatoka. Alitembea taratibu kuliko tulipoingia. Tulirudishwa kupitia ujia mwembamba wa nyumba kubwa, uliojaa picha za familia mpaka mlango wa kutokea: harusi, farasi, watoto, bwana amesimama kifua mbele na bunduki. Nilitaka tupite haraka. Baba akasimama.

Ilikuwa picha ya keki. Verandani, mtoto wa kike amevaa gauni jeupe, na mbele yake keki ya ghorofa kwenye sinia. Aliyelishika sinia alionekana aproni na mikono tu. Juu ya kifua picha ilikuwa imeishia. Karatasi ya maelezo ilimtaja mtoto, ikaitaja keki na siku yenyewe. Aliyeshika, kimya.

Baba aligeuza kichwa upande. Akaweka ukucha wake juu ya kioo, pale kwenye kidole kidogo cha mkono wa kushoto wa yule mtu. Kilikuwa kimepinda ndani kama ndoano, hakikushika sinia kama vidole vingine.

"Kilimwagikiwa sukari ya moto," Baba alisema. "Hakikunyooka tena. Mimi nilikuwa nakishika hicho tukienda kisimani. Mkono wake mkubwa ulinishinda, nashika hicho kidole." Ukucha haukuondoka pale kiooni. "Sikumbuki kitu kingine juu yake. Hicho tu. Kichwa kiko wapi?"

"Kimekatwa, Baba."

"Wamekikata?"

Niliishika ile fremu kwa mikono miwili nikaing'oa ukutani.

"Dada, hairuhusiwi!" mwongozaji alipiga kelele.

"Hata kukata watu vichwa hairuhusiwi."

Nilitaka tu Baba aisogeze kwenye mwanga, aone hicho kidole vizuri, asiondoke mikono mitupu. Lakini fremu ilikuwa ya zamani na vijisumari vyake vimeliwa na kutu. Ubao wa nyuma ulifunguka, picha ikateleza ikaangukia juu ya meza ndogo ya ujiani. Ikalala kifudifudi. Na hapo sote tuliona kwamba haikukatwa. Ilikuwa imekunjwa. Picha ilikuwa ndefu, fremu fupi, na mtu fulani, ambaye mpaka leo ningependa kukutana naye, alipima akaona mtoto anaenea, keki inaenea, na aliyebaki akamkunja nyuma kama pindo la suruali.

Mwongozaji ndiye aliyeikunjua, sina budi kumpa haki yake, kidogo kidogo ili isipasuke. Tukaigeuza.

Hakuwa mmoja wa wale watatu. Alikuwa kijana, mdogo kuliko mimi, na mstari wa mkunjo umempita shingoni. Hakuwa akitabasamu. Alikuwa amekasirika. Sinia zito, jua kali, mpiga picha anachelewa, na yeye amemkazia macho yule mpiga picha, pua imetuna, mdomo umebanwa upande mmoja.

Baba aliinama. Alimtazama, akainua uso akanitazama mimi, akarudi kwenye picha. Halafu akaanza kucheka, machozi yanashuka mpaka kidevuni na hayafuti.

"Kumbe!" alisema. "Kumbe! Na mimi miaka yote hii hasira zako nasema umerithi kwa mama yako."

Tulikuwa bado tumeinama pale wote watano, hata wale wa fulana, mama msimamizi wa nyumba alipotokea na shada lake la funguo. Alisikia habari nusu, akaiona fremu imefunguka. Alikuwa mtu mwenye adabu, sikatai. Alisema pole, alisema picha ni mali ya nyumba, alisema lazima irudi mahali pake kabla kundi lingine halijaingia.

"Fremu ni ndogo," alisema mwongozaji. "Itabidi tumkunje tena."

"Kwa sasa, ndiyo. Nitaomba fremu kubwa, ofisi ikikubali itengenezwe." Akamgeukia Baba kwa sauti ya kumliwaza. "Mzee, mpige picha kwa simu mwende naye. Halafu rudi mwezi ujao, utamkuta ametulia ukutani, mzima mzima."

Baba hakuinua kichwa. Jicho lake lilikuwa linatembea juu ya karatasi taratibu, kutoka paji la uso kwenda kwenye pua, kutoka puani kwenda mdomoni, na midomo yake inacheza kama mtu anayekariri.

"Simu siioni, binti yangu," alisema. "Na mwezi ujao sitamwona yeyote. Ngoja nimalize."

Mama msimamizi alinyoosha mkono kuichukua. Chumba cha kulia kilikuwa mlango wa pili tu; niliivuka kamba yake nyekundu, nikavuta kiti cha mwenye nyumba, nikakiburuta sakafuni mpaka ujiani, nikamkalisha Baba. Kisha nikasimama katikati ya kiti na shada la funguo, mikono kiunoni, na uso, nadhani, uleule wa kwenye picha. Mkono ulishuka.

Baba alimtazama baba yake mpaka aliporidhika.