Alama za Mtomfu

Kadii, mwalimu wa chekechea, alikuwa anawanawisha watoto nyuso kwa ndoo moja ya maji alipomwona mwalimu mkuu, Tom, akivuka uwanja na watoto sita wa Gredi ya Kwanza nyuma yake. Sweta za shule walikuwa wamevuliwa. Tom aliwaketisha mikekani, mmoja hapa, mwingine pale, katikati ya watoto wa chekechea, kisha akamvuta Kadii mlangoni.

"Ni leo tu," alisema kwa sauti ya chini. "Afisa akishaenda, nawarudisha."

Kadii hakuuliza sababu. Muhula uliopita chekechea ya Mtomfu, chumba kimoja cha mabati mwisho wa shule ya msingi, ilipata alama thelathini na moja kwa mia katika tathmini. Ikaja barua kwamba kituo kitakachopata chini ya arobaini mara ya pili kitafungwa, na watoto wake watapelekwa chekechea ya ng'ambo. Kwenda ng'ambo ni kuvuka mto Tana kwa mtumbwi, asubuhi na mchana, mahali ambapo hata watu wazima huchota maji kwa kopo lililofungwa kwenye mti mrefu, kwa kuogopa mamba. Watoto wa Kadii walikuwa na miaka minne, mitano.

Siku za uji walikuwa wakifika watoto arobaini na zaidi. Unga ulipoacha kuletwa, wazazi wengine waliona afadhali mtoto abaki nyumbani alale kuliko kutembea na njaa. Walibaki ishirini na wawili. Herufi walizozishika saa mbili, ikifika saa tano zilikuwa zimewatoka, na Kadii alikuwa akizianza upya kila siku.

Abdulnasser, afisa wa tathmini, alifika kutoka Garsen kwa bodaboda, tope limemfika magotini. Alikuwa kijana wa Kipini, mpole wa maneno. Aliomba radhi kwa kuchelewa, akaeleza kwamba wiki ile alipewa vituo kumi na vinne na mafuta ya vituo tisa. Alitandaza kadi zake za picha mezani, akaanza kuita watoto mmoja mmoja.

Wale sita walijibu kama maji. Watoto wa Kadii walitazama kadi, halafu wakamtazama yeye. Habon, binti wa wafugaji mwenye miaka mitano, alionyeshwa picha ya ng'ombe. Aliinama, akaichunguza sana, akasema jambo kwa Kisomali.

"Amesema ni mtamba," Kadii alieleza. "Bado hajazaa. Ametazama kiwele."

Abdulnasser alitabasamu. Alisema kwamba hata yeye asingeweza kutambua hilo. Lakini fomu ilitaka neno moja la Kiswahili, ng'ombe, na tafsiri ya mwalimu haikuruhusiwa. Akaandika sifuri.

Saa sita alijumlisha. Arobaini na tatu. Alimpa Tom mkono, akampa Kadii mkono, akasema Mtomfu imevuka na haitafungwa. Tom alishusha pumzi. Kadii akauliza unga utakuja lini.

Abdulnasser alikunja kadi zake taratibu. Alieleza kwamba unga wa muhula huu ni mchache, na umepangiwa vituo vitakavyopokea watoto wa chekechea zilizofungwa. Vituo vilivyovuka arobaini vimeonyesha kwamba vinaweza kujikimu bila uji.

Kadii alitazama mikekani. Watoto wanane walikuwa wamelala.

"Hao sita si wangu," alisema. "Ni wa Gredi ya Kwanza."

Tom aliangalia viatu vyake. Abdulnasser alikwenda akafunga mlango, akarudi kuketi.

"Mwalimu, mimi sijasikia," alisema. "Nikisikia, nitawatoa, na mtapata ishirini na tisa. Kituo kifungwe, watoto wavuke mto, huko wapate uji. Nisiposikia, watabaki hapa na njaa yao. Mimi sina fomu ya tatu. Niambie niandike ipi."

Kadii aliwaona wakipangwa mtumbwini, magoti yamegusana, Habon akinyoosha mkono majini kama watoto wanavyofanya. Hasira ilimpanda. Alitaka kumuuliza kama walioweka ile arobaini waliwahi kusimama ukingoni pale, lakini aliona uso wa kijana yule umechoka, akaliacha swali.

"Wasivuke," alisema mwishowe.

Abdulnasser alimsogezea fomu atie sahihi. Chini ya nafasi ya sahihi palikuwa na mistari mitatu, Maoni ya Mwalimu. Kadii akauliza kama anaweza kuandika chochote.

"Andika tu, mwalimu. Sehemu hiyo haiingizwi kwenye kompyuta."

Tom alimwomba kwa macho asiandike. Kadii alichukua kalamu. Aliandika kwamba watoto walipimwa wakiwa hawajala, na mistari mitatu ikaisha. Akageuza karatasi. Nyuma palikuwa peupe. Alianza kuandika majina ya watoto wake ishirini na wawili, na mbele ya kila jina alichokula mtoto asubuhi ile. Aliwauliza mmoja mmoja, akiwaamsha waliolala. Chai ya rangi. Hakula. Embe. Hakula. Muhogo wa jana. Nje mwenye bodaboda aliwasha pikipiki, akaizima, akaiwasha tena. Abdulnasser alitazama saa, lakini hakumwambia aache.

Akafika kwa Habon.

"Leo umekula nini, mama?"

Habon alifikiri.

"Jana," akasema.

Kadii akaandika: jana.