Upande wa Pili wa Mpira

Mfuko ulifika Kamina siku ya nne baada ya kupakiwa Lubumbashi, umefungwa kamba ya katani na kuandikwa kwa kalamu nene: MAMA PHÉBÉ, MWALIMU. Baba Philémon, ambaye aliendesha treni miaka thelathini na sasa huendesha baiskeli tu, ndiye aliyeutoa stesheni, ameulaza nyuma ya baiskeli kama mgonjwa anayepelekwa kwa daktari. Ndani mlikuwa na fimbo za gofu kumi na moja, mpya, zinang'aa, pamoja na karatasi yenye mwandiko wa Ariane, binti wa pekee wa Phébé: “Mama, hizi njo za mukono wa kuume. Achana na mateso.”

Phébé alisoma, akakunja karatasi, akashukuru. Baba Philémon alipoondoka, aliusukumia mfuko chini ya kitanda. Ulikaa huko majuma matatu.

Si kwamba alikuwa na kiburi. Alikuwa na miaka sitini na tisa, mwalimu mstaafu wa shule ya Wamethodisti, na alijua thamani ya zawadi. Ila fimbo alizokuwa akichezea ni za marehemu mumewe, Abdias, na Abdias alikuwa mashoto. Shuleni walimu walimchapa vidole hata akajifunza kuandika kwa mkono wa kulia kama watu wengine, na mezani alikula bukari, yaani ugali, kwa mkono wa kulia kama watu wengine. Lakini uwanjani, nyuma ya nyumba za wafanyakazi wa reli, hapakuwa na mwalimu wala meza. Huko mkono wake wa kushoto ulipata siku yake ya mapumziko. Mzungu mmoja wa reli, naye mashoto, alimwachia fimbo zake alipohama, na Abdias alicheza nazo kila Jumamosi mpaka alipofariki, miaka mitano iliyopita, mvua zilipokuwa zinaanza.

Baada ya matanga Phébé alitaka kuzigawa. Hakumpata mtu. Wacheza gofu wa Kamina unawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja na kidole kinabaki, na hakuna aliyekuwa mashoto. Basi asubuhi moja alichukua fimbo moja, akaenda uwanjani, akasimama pale alipokuwa akisimama mumewe. Mahali pa kuanzia shimo la kwanza miguu ya Abdias ilikuwa imechimba vishimo viwili vidogo, kama viota, kwa kusimama pale pale miaka yote ile. Phébé alitia miguu yake humo. Vilikuwa vikubwa kidogo. Akapiga.

Mwaka mzima mpira ulikimbia chini majanini kama kanga aliyetishwa. Mikono ilikataa, kiuno kilikataa. Alipata ufundi siku alipoacha kufikiria gofu akafikiria kinu. Mwanamke anayetwanga sombe, majani ya mihogo, hausukumi mchi. Anauinua, kisha anauacha ushuke kwa uzito wake mwenyewe. Anayesukuma anachoka kabla majani hayajalainika. Tangu siku hiyo aliinua fimbo polepole, akaisubiri kule juu kidogo, akaiacha ianguke. Mpira ulipaa. Haukufika mbali, lakini ulipaa.

Na adabu aliijua tangu zamani, maana Abdias alikuwa haongei kingine akirudi nyumbani. Mwenzako akisimama mbele ya mpira, nyamaza, usitikisike hata nzi akikutua puani. Kivuli chako kisikanyage njia ya mpira wa mwenzako. Mashimo yao hayakuzungukwa na majani mafupi kama ya matajiri, bali na duara la mchanga ulioloweshwa mafuta machafu ya mashine ili upepo usiuchukue. Na ukimaliza kucheza hapo, unaburuta ubao, unafuta nyayo zako, mwenzako aukute mchanga kama hajapita mtu. Abdias aliongeza sheria moja ya kwake. Mashimo manne kati ya tisa yalikuwa yamegeuka mashamba ya mihogo, na mpira, alisema, ni mgeni: hauingii shambani kwa mtu bila hodi.

Kila Jumapili jioni Ariane alipiga simu.

“Mama, mulijaribu bile bintu, zile fimbo?”

“Bado, mwanangu. Baridi iko mingi.”

“Baridi gani, mama? Ni fimbo, hapana manguo ya kuanika.”

Phébé alicheka, akauliza habari za wajukuu. Moyoni alijua hasemi kweli. Baridi ya Julai ilikuwapo, ndiyo, ukungu ulilala uwanjani mpaka saa mbili asubuhi, lakini alikuwa akienda kucheza katika baridi hiyo hiyo kila Alhamisi na Baba Philémon. Aliogopa kitu kingine, na hakukipatia jina. Aliona tu kwamba kuzitia fimbo za Abdias kona na kushika nyingine ingekuwa kama kuhamisha kiti chake mezani.

Baba Philémon ndiye aliyemtoa huko. Alikuwa mtu wa maneno machache, lakini akianza hasimami katikati, kama treni yake.

“Mama Ariane, musinikasirikie. Mutoto akikupatia kitambaa, unapashwa kukivala hata siku moja, akione. Ile njo adabu. Bale bazungu balitufundisha adabu ya gofu, lakini ya zawadi tulizaliwa nayo.”

“Nitazivala wapi, Baba Philémon? Miye niko mutu wa kushoto sasa.”

“Simameni nazo tu. Minyi nitakamata foto na telefone. Tunaituma Lubumbashi, mutoto anafurahi, bintu binarudi chini ya kitanda.”

Phébé aliona hilo halina ubaya. Picha moja tu.

Alhamisi iliyofuata walifika uwanjani na mifuko yote miwili, ule mpya na ule wa Abdias, kabla jua halijapasua ukungu. Huwezi kuona mbali asubuhi kama hiyo. Miti ilikuwa imekatwa kiunoni na ukungu, sehemu za juu zikielea peke yake, na sauti za kituo cha treni zilikuja bila kujulikana zinatoka upande gani: chuma kikigonga chuma, mtu akikohoa, jogoo. Majani yalikuwa mazito kwa umande. Phébé alivaa sweta ya marehemu juu ya kitenge. Alichomoa fimbo moja ndefu kutoka mfuko mpya, akaweka mpira chini, akaelekea mahali pake.

“Hapana pale, mama,” Baba Philémon alimwambia. “Ile fimbo ni ya kuume. Mukuje huku.”

Ikambidi azunguke mpira. Upande ule wa pili hapakuwa na viota vya miguu, maana wengine walisimama popote, hapa leo, pale kesho. Alisimama kwenye majani mabichi, akaiweka fimbo nyuma ya mpira, akainua macho ili apigwe picha.

Mbele yake palikuwa na vile vishimo viwili.

Havikuwa na mtu. Ukungu ulikuwa umejaa ndani yake kama maziwa ndani ya bakuli. Na vilikuwa vinamtazama. Miaka mitano alikuwa amesimama ndani yake, akiangalia kule alikoangalia Abdias, asimwone Abdias. Maana mtu aliyesimama katika nyayo zako hawezi kukuona uso. Sasa alikuwa upande wa pili wa mpira, na kama mumewe angekuwa pale, wangetazamana, hatua mbili tu katikati, kama watu wawili waliokaa kula sahani moja.

Tena hilo hakuwa analiona mara ya kwanza. Jioni ngapi alikuwa amekaa kwenye kigoda uani, ungo mapajani, akichambua maharage, na Abdias mbele yake akipiga gunzi la muhindi kwa fimbo, tena na tena, akijirekebisha bega? “Angaria, Mama Ariane, leo iko muzuri kuliko jana?” Naye alikuwa akiangalia. Alimwangalia miaka thelathini na minne. Alijua jinsi kisigino kilivyoinuka, jinsi pumzi ilivyokatika kule juu. Alijua yote hayo kutoka upande huu, kama mtu anavyojua uso wake katika kioo.

“Yambo, Baba Ariane,” alisema taratibu.

Baba Philémon alisikia.

Phébé aliinua fimbo. Haikuwa mikono yake iliyoinua; ilikuwa kama kuitikia wimbo ambao mwingine ameuanza. Kule juu alisubiri, akaiacha ianguke. Mlio ulikuwa mdogo na safi, kama kuvunja kijiti kikavu, na mpira ukaingia katika ukungu ukapotea, na wote wawili walisikiliza muda mrefu wasisikie umeanguka wapi.

Kisha sauti ya mwanamke ikatoka mbali, ndani ya weupe ule:

“Nani huyu ananitupia mayai?”

Ilikuwa Noémie, mwenye shamba la mihogo lililomeza shimo la sita. Mpira wa Phébé ulikuwa haujawahi kufika hata karibu na shamba hilo. Walitembea mpaka pembeni ya mihogo, wakasimama.

“Hodi, mama!” aliita Phébé. “Mupira wangu uliingia bila ruhusa.”

Noémie alinyooka, jembe begani, akawatazama mmoja baada ya mwingine.

“Ni Baba Philémon alipiga.”

“Ni miye,” alijibu Phébé.

“Weye, mama mwalimu? Kutoka kule?” Alicheka mpaka akashika kiuno. “Eyo, vidye! Mungu wangu! Karibu, basi. Chukua mupira yako, lakini usivunje muhogo wangu.”

Phébé aliingia kwa kunyanyua miguu kama korongo, akauokota mpira kati ya matuta mawili. Ulikuwa na umande. Aliufuta kwa ncha ya kitenge, na hapo ndipo alipogundua kwamba machozi yanamtoka, na kwamba hayamuumi.

“Na foto?” aliuliza waliporudi njiani. “Mulikamata?”

Baba Philémon aligusa telefone iliyokuwa bado mfukoni mwake. “Mulikuwa munapiga, mama. Mutu akiwa anapiga, hatutikisiki.”

Walicheza mashimo yote matano. Kwenye mashuti marefu Phébé alitumia fimbo mpya. Lakini walipofika kwenye duara la kwanza la mchanga, mahali ambapo mpira hausafiri bali unasukumwa taratibu kama mtoto anayepelekwa kulala, alirudi kwenye mfuko wa zamani akachomoa ile fimbo fupi ya Abdias, ya mkono wa kushoto. Baba Philémon alikunja uso.

“Kuume kule, kushoto huku? Sheria inakubali?”

“Sheria inasema mupira mumoja, shimo moja. Haikusema mukono.”

Na hivyo ndivyo Mama Phébé anavyocheza hata leo: shuti refu akitazamana na mumewe, na fupi akiwa amesimama mahali pa Abdias. Jumapili alimweleza Ariane yote, na Ariane akauliza kama baba alikuwa akikunja goti. Alikuwa akilikunja, la kulia, kidogo tu.

Lakini Alhamisi ile haikuishia kwa utulivu. Kwenye shimo la tano, Baba Philémon, ambaye alikuwa hajazoea kuachwa nyuma na mama mwalimu, alipiga kwa hasira, akasukuma mchi badala ya kuuacha ushuke, na mpira wake ukapinda ukaingia kwenye majani marefu. Ulikuwa mpira wake wa pekee mzuri. Ukungu ulikuwa umeisha, jua likianza kupasha migongo. Mama Phébé aliweka mifuko yote miwili chini, akakunja mikono ya sweta, nao wakaingia majanini bega kwa bega, wakiyafunua kwa fimbo polepole, wakitafuta.