Ngazi ya Silme

Miguu yangu ni mirefu, na sikuiomba. Nalitaja hili mwanzo kwa sababu ndilo lililoniletea balaa.

Silme, binti wa mama yangu mdogo, alifariki bila mtoto. Kwetu Wagaro mume akifiwa haachwi hivi hivi. Ukoo wa mke humpa mwanamke mwingine wa ukoo uleule. Wazee wakakaa, macho yakanigeukia mimi.

"Rakche, utakwenda kwa Tengnang," mjomba akasema. "Ana nyumba, na hapigi mtu."

"Ana na mvi pia."

"Mvi zitakula wali wako?"

Nikaenda.

Tengnang alikuwa fundi wa vibanda vya juu ya miti. Kila mwaka tunafyeka mlima mwingine, na kila mwaka kibanda kipya kinajengwa juu ya mti, tulinde mpunga dhidi ya tembo. Mti aliuchagua mnene, ili tembo akiusukuma achoke yeye. Mianzi aliikata mwezi ukififia, la sivyo wadudu wangeitoboa kabla ya mavuno. Kamba za henzerani aliziloweka kwanza, na penye tawi hakuzikaza.

"Mti unacheza na upepo," aliniambia. "Ukiubana, utakata kamba zote. Uachie nafasi."

Nilikipenda kibanda kile kuliko nyumba. Mbu hawakifiki, mashangazi pia hawakifiki, na mto Simsang unauona wote. Chini Tengnang alikuwa bubu. Akipanda juu, akaegemea nguzo na kibuyu chake cha pombe ya mchele, ulimi ulifunguka. Huko juu ndiko nilikompenda, na sioni haya kusema.

Ila ngazi! Vipandio kumi na saba vilivyosongamana, nikipanda magoti yanagonga vipandio vya juu. Silme alikuwa mfupi, na ngazi ilipimwa kwa mguu wake. Mwaka wa kwanza nilinyamaza. Mwaka wa pili nilifanya utani, nikaiita ngazi ya bata. Mwaka wa tatu alipofunga tena vilevile kumi na saba, nilichachamaa.

"Kila hatua namkanyagia marehemu! Hivi nimeolewa au nimekaimishwa?"

"Mikono imezoea, Rakche."

"Basi izoeze miguu mingine!"

Nilikwenda mtoni kulia peke yangu.

Mwaka wa nne aliniita chini ya mti. Mianzi miwili mirefu ilikuwa imelazwa.

"Inua mguu," akasema. "Usijikaze. Inua kama unapanda kwako."

Akaweka alama kwa kisu pale unyayo wangu ulipofika. Ngazi ikatoka na vipandio kumi na viwili. Nilipanda kwa madaha, na jirani yetu akapiga kelele kutoka shambani kwake, "Leo ndiyo Tengnang kaoa!" Nilifurahi mpaka nikaona aibu.

Siku ya tisa ya ngazi ile mpya, asubuhi, nilikuwa chini napika samaki mkavu.

"Mzee, shuka! Wali unapoa!"

"Nakuja. Usinimalizie samaki!"

Alishuka kama alivyoshuka maisha yake yote: mgongo kwenye ngazi, macho kwenye mpunga, kibuyu mkononi. Siku zile nane zilizotangulia mvua ilikuwa ikinyesha, akishuka polepole, ameshika kwa mikono miwili. Asubuhi ile jua lilikuwa limetoka.

Alianguka, akakata roho kabla hatujamfikisha nyumbani.

Wengine walisema Silme kamwita. Mjomba alisema uzee hauna adabu. Sikumwambia yeyote nilichokiona: mguu wa mume wangu ukipapasa hewani, pale pale ambapo kipandio cha dada yangu kingekuwa.

Mpunga haukungoja matanga yaishe. Nilikwenda mlima wa mwaka jana, nikaikuta ngazi ya zamani bado inaning'inia kwenye mti wake, nikapima nafasi zake kwa kijiti. Nikarudi, nikafungua vipandio vyangu vyote kumi na viwili. Nikaloweka henzerani. Nikafunga kumi na saba. Nilipanda, magoti yakagonga vipandio, nikamlilia Tengnang kwa sauti, na nyani wakakimbia mpunga bila kufukuzwa.

Baada ya mavuno, ukoo wa Tengnang nao ulitimiza wajibu wao. Walinipa mpwa wake, Walnang, mwanamume wa makamo, mpole, mrefu kunishinda mimi. Msimu mpya ulipofika tulijenga kibanda pamoja. Yeye akafunga sakafu, mimi nikafunga ngazi.

Walnang aliitazama ngazi, akikuna kichwa.

"Mama... yaani, Rakche. Mbona vimesongamana hivi? Tutapoteza henzerani bure. Ilipimwa kwa mguu wa nani hii?"

Nilikuwa na majibu mengi. Nilimkumbuka mzee wa watu nilivyomfokea, naye akaniambia mikono imezoea, wala hakuniambia zaidi.

"Kanyaga tu," nikasema. "Na ukishuka, uso uuelekeze kwenye mti."